Jina la Ng'ombe Halikubadilishwa

Chuoni Ruti, mjini Mbarara, nyuma ya ukumbi wa mikutano, kilikuwapo chumba kidogo ambacho mlango wake ulifungwa kila mwanafunzi alipoingia, na haukufunguliwa mpaka atakapoinuka mwenyewe. Hiyo ilikuwa kanuni ya Sidonie, mshauri wa wanafunzi, na ndiyo iliyowafanya vijana wamwendee kwa wingi kuliko walivyowaendea wachungaji wao. Alikuwa mwenzao. Alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, katika zoni ya Juru, mtoto wa wakulima kutoka Kivu ya Kusini, akapalilia maharage asubuhi na kusoma mchana, mpaka akapata shahada ya pili katika elimu ya ukuaji wa mwanafunzi chuoni. Wazazi wa Juru walipowaleta watoto wao Mbarara walimwambia neno moja tu: "Sidonie, hawa ni amana."

Ukutani, juu ya kiti chake, aliibandika picha ya ngazi aliyoichora kwa mkono wake, yenye vipandio vitatu. Cha kwanza ni cha mwanafunzi aaminiye kwa sababu ameambiwa. Cha pili ni njia panda, ambapo sauti za wazee zamvuta huku na sauti yake yamvuta kule. Cha tatu ni cha yule aliyeishika kalamu ya maisha yake kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyeingia chumbani humo asiyeinua macho kuitazama na kujiuliza kimya kimya amesimama wapi.

Uwera, mwanafunzi wa ualimu wa mwaka wa tatu, alikuwa akiitazama ngazi hiyo siku alipoamua kusema.

"Yaya Sidonie," akamwita, kama mtu amwitavyo dada yake mkubwa, "nitakachokuambia kisitoke."

"Humu hakitoki kitu, mdogo wangu."

"Apa."

Sidonie akacheka. "Wewe mlokole mzima, unataka niape? Si tumeambiwa ndiyo yetu iwe ndiyo? Basi, ndiyo yangu ni ndiyo."

Ndipo Uwera akamweleza. Faili la familia yao, lililolala miaka mingi, limeamka: Jumatatu ya wiki itakayofuata mitihani wataitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Baba yake Gasore, mama yake Mukandoli ambaye macho yake yanazidi kuingia ukungu, mdogo wake Shimwa, na yeye. Wote wanne faili moja. Na moyo wake umegawanyika.

"Tulipokimbia kutoka milimani kwetu Kivu nilikuwa mtoto mdogo," akasema. "Tulikuwa na ng'ombe mzee, jina lake Mutako. Kwa lugha yetu ni pambo. Alizaa karibu kundi lote la baba. Tulipofika mtoni, Mutako akakataa kuvuka. Batu bote wakamwambia baba, mupige! Baba hakumpiga. Alimshika pembe akamsifu, halafu akavuka, hakugeuka nyuma."

"Alimsifu vipi?"

Uwera akashusha sauti, kama mtu anayenena mahali patakatifu. "Mutako, pambo la mlima, usiyekimbia mvua, anayekujua hakuiti mara mbili." Akainua macho tena kwenye ngazi. "Basi wakati mwingine najiona ni Mutako. Mlima wangu sasa ni hapa. Nataka kumaliza masomo, nirudi Juru nifundishe watoto. Lakini mama naye... Kwenye uwanja wa ndege nani atamshika mkono?"

Sidonie alikuwa ameegemea mbele, macho yanameremeta. "Umejisikia? Umesema *nataka*. Muhula uliopita ulikuwa unasema *baba anataka*. Uko unapanda, Uwera!"

"Sijui kama napanda au naanguka, yaya."

"Anayepanda huhisi hivyo hivyo. Kazi yangu ni kukupa mambo mawili: mzigo unaokulazimu kukua, na bega la kuegemea usije ukavunjika. Na baba umemwambia?"

"Bado. Neno kama hili halipelekwi kwa simu."

Katika nyumba ya Gasore palikuwa na desturi iliyotoka milimani pamoja nao. Mtoto mwenye neno zito humletea baba maziwa katika kibuyu, akampa kwa mikono miwili. Baba akinywa, akapangusa midomo na kusema "sema," basi amejifunga: hatakasirika mpaka neno liishe, wala hatatenda lolote mpaka kibuyu kikauke. Sasa hawakuwa na ng'ombe hata mmoja, na maziwa yakanunuliwa. Lakini kibuyu kilikuwa kile kile. Uwera alikusudia kwenda nyumbani mara tu mitihani ikiisha, ampe baba yake maziwa, amwambie neno kwa kinywa chake. Hakuwa na hofu ya jibu. Hofu yake ilikuwa moja tu, neno lisimtangulie.

Sidonie aliisikiliza habari ya kibuyu kwa heshima, lakini hakuishika. Kwa watu wa jembe, mbegu za maharage ndizo zenye majina na nasaba, ili mtu ajue ipi yavumilia jua na ipi yapenda bonde. Ng'ombe ni ng'ombe.

Jumapili iliyofuata Uwera alikwenda ibadani. Bibi mmoja aliyeketi kando yake alimpa kitabu cha nyimbo, akamwambia, "Binti, nisomee, mimi naona weusi mutupu." Uwera akamsomea ubeti baada ya ubeti, na bibi akaimba nyuma yake, vidole vyake vimeushika mkono wa msichana kwa nguvu kana kwamba wanavuka mto pamoja. Wimbo ulipokwisha Uwera alikuwa amekwisha kuamua. Atakwenda na mama yake. Masomo yana milango katika nchi zote, lakini mkono wa mama ni mmoja.

Jumatatu asubuhi akabisha kwa Sidonie. Meza ilikuwa imefurika karatasi, na simu mbili zalia kwa zamu.

"Mdogo wangu, leo niache! Alhamisi wanakuja washauri wa vyuo vyote vya magharibi ya nchi, na mimi ndiye nimepewa kusema nao."

"Ni jambo fupi tu, yaya. Nimeamua."

Sidonie akaruka kutoka kitini, akamkumbatia. "Umeamua! Nilijua! Usinimwagie habari yote mlangoni namna hii, neno kama hilo lataka kikao. Ijumaa, baada ya mtihani wako, tutakaa mpaka tuchoke."

Uwera akatoka na neno lake mdomoni.

Alhamisi hakupaswa kuwa ukumbini. Chantal, aliyewekwa kuwahudumia wageni chai, aliamka na malaria, akamwomba Uwera ashike zamu yake. Hivyo Uwera akawa anapita katikati ya safu akiwa na birika, anamimina chai ya maziwa, huku Sidonie amesimama mbele, ngazi ya vipandio vitatu imeangazwa ukutani, kubwa kuliko mlango.

"Ndugu zangu," Sidonie alikuwa akisema, "nadharia bila mwanafunzi ni kibuyu kitupu. Niruhusuni niwape mwanafunzi. Tumwite Liliane."

Uwera aliendelea kumimina.

"Liliane ni Mrundi, anatoka zoni ya Rubondo, wa tatu katika dada wanne. Alipokuja kwangu alikuwa kwenye kipandio cha kwanza kabisa: baba amesema, mchungaji amesema. Kisha familia yake ikaitwa kwenye mahojiano ya kwenda nchi ya tatu. Nilimwona akifika njia panda. Na mnajua alijieleza vipi? Kwa ng'ombe! Walikuwa na ng'ombe mzee aliyeitwa Mutako..."

Birika likagonga ukingo wa kikombe.

"...aliyekataa kuvuka mto siku ya kukimbia. Na baba akamsifu badala ya kumpiga: *Mutako, pambo la mlima, usiyekimbia mvua; anayekujua hakuiti mara mbili*. Msichana huyu, ndugu zangu, alichukua sifa ya ng'ombe akaifanya kuwa hoja ya maisha yake! Na juzi Jumatatu aliingia ofisini kwangu, amenyooka kama mshumaa, akaniambia: Nimeamua. Baba atakwenda, mimi nabaki. Kipandio cha tatu!"

Ukumbi ukapiga makofi. Mgeni mmoja kutoka chuo cha jirani akasema kwa mshangao, "Banange, huyu Liliane angefaa kuwa kiongozi wa bweni." Watu wakacheka kwa furaha.

Katika safu ya pili mtu mmoja hakucheka. Alikuwa Mzee Eliezeri, shemasi wa kanisa la Juru, aliyealikwa ili isemwe kuwa wazazi nao waliwakilishwa. Eliezeri alikuwapo mtoni siku ile. Alikuwa miongoni mwa waliosema, mpige. Aliweka kikombe chini polepole, akageuza shingo, akamtafuta Uwera kwa macho katikati ya wahudumu, akampata. Hakumkemea wala hakumwita. Alimtazama tu kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikiungua, kisha akachukua kofia yake na kutoka, hata chakula cha mchana hakukingoja.

Uwera alimkuta Sidonie kwenye ujia, bado anapeana mikono na wageni.

"Yaya, umenivua nguo mbele za watu."

Sidonie akamvuta pembeni. "Pole pole! Nani amekujua? Nimebadilisha jina lako. Nimebadilisha zoni, taifa, nimekuongezea dada watatu ambao huna!"

"Na Mutako?"

"Mutako amefanya nini?"

"Umemwacha na jina lake. Umemwacha na sifa yake neno kwa neno. Sifa ile aliitunga baba mwenyewe. Hakuna mchungaji wa ng'ombe Juru nzima asiyejua Mutako alilala katika zizi la nani."

"Uwera, ni ng'ombe. Na alikufa zamani."

"Kwetu jina halifi. Ungenitaja mimi na kumficha yeye, Mzee Eliezeri angedhani Uwera wako wengi. Mutako alikuwa mmoja."

Sasa Sidonie alielewa, na uso wake ukabadilika. Lakini alikuwa bado na ngao moja. "Ni kweli, nimekosa hapo. Lakini jambo lenyewe si la aibu. Uliniambia umeamua, nami nikajivuna kwa ajili yako."

"Hukuniuliza nimeamua nini."

Mgeni akapita, akamsifu Sidonie kwa hotuba nzuri, Sidonie akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Alipogeuka tena, machozi yalikuwa yanamtiririka Uwera mpaka kidevuni.

"Niliamua kuvuka, yaya. Niliamua kwenda nao."

Sidonie akampangusa kidevu kwa kiganja. Kisha mazoea ya kazi yakamrudia, maana mtu aliyezoea kushauri huona unyamavu kuwa uzembe. "Sikiliza. Kesho una mtihani. Ukiukosa, umerudi nyuma mwaka mzima. Fanya mtihani, Jumamosi nenda nyumbani. Baba hatakimbia. Mtu mzima hupanga mambo yake kwa utaratibu."

Uwera akamtii. Baadaye, kila alipokumbuka khiyana zote mbili, ile ya ukumbini na hii ya kungoja, ya pili ndiyo iliyomuuma zaidi, kwa sababu aliishiriki mwenyewe.

Jioni ile alimpigia simu Shimwa.

"Mzee Eliezeri yuko ndani na baba," mdogo wake akamwambia kwa sauti ya chini. "Wamefunga mlango. Mama amekaa inje, haongei. Yaya, umefanya nini?"

"Mwambie baba anisubiri. Jumamosi nakuja na maziwa. Mwambie hivyo hivyo, na maziwa."

Shimwa alimwambia. Gasore akajibu, "Neno lililokwisha kuzunguka vijiji halina haja ya kungojewa."

Mtihani wa Ijumaa uliuliza hatua za ukuaji wa mtoto, na wajibu wa mwalimu katika kila hatua. Uwera alijibu maswali yote.

Jumamosi alfajiri alinunua maziwa sokoni Mbarara kwa mwanamke ayaletaye kutoka Bwizibwera, akayaonja kwanza, maana maziwa ya neno zito hayachanganywi na maji. Akashika njia ya Kabingo. Huko akapanda bodaboda ya kumfikisha Juru, dumu la maziwa amelipakata mapajani kama mtoto mchanga.

"Nyabo, bibie," kijana wa bodaboda akamtania, "maziwa unapelekea watu ya ng'ombe? Si kama kupeleka maji ziwani?"

"Hawana tena ng'ombe."

"Sasa hiyo ni watu ya ng'ombe gani?"

Akalikumbatia dumu. Mahindi ya Juru yalikuwa yamesimama pande zote za njia, na watu waliomjua, waliozoea kumpungia mikono, waliinama kwenye maharage yao kana kwamba palizi haingoji.

Mama yake alimtambua kwa hatua zake, akampapasa uso. "Umekonda," akasema, na hakusema zaidi. Gasore alikuwa ameketi kwenye gogo mbele ya nyumba, anachonga mpini wa jembe. Aliitika salamu yake kwa adabu, kama anavyomwitikia mgeni. Hilo lilimwogofya Uwera kuliko ukali.

Aliingia ndani, akakitoa kibuyu mahali pake, akakisafisha, akamimina maziwa. Akatoka, akapiga magoti, akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Baba, maziwa."

Gasore aliyatazama maziwa. Mikono yake ilibaki kwenye mpini.

"Mpe Shimwa anywe," akasema. "Maziwa huja mbele ya neno. Neno likitangulia, maziwa ni chakula tu."

"Baba, nakuomba..."

"Mpe mdogo wako, Uwera."

Shimwa akakipokea kibuyu, akakishika kifuani bila kukinywa.

"Baba, mimi sikusema nabaki."

"Eliezeri ni mtu wa Mungu. Hasemi uongo."

"Amesema aliyoyasikia. Lakini aliyenena hakuwa mimi. Nilikwenda kwa Sidonie na moyo uliogawanyika, yeye akauchukua upande mmoja akaupeleka sokoni. Nimekuja kukwambia kwa kinywa changu: navuka na nyinyi. Nitamshika mama mkono."

Kisu cha Gasore kikasimama kwenye mti. Mukandoli akainua uso kuelekea zilipo sauti. "Gasore, umesikia? Mtoto anakuja nasi!"

Gasore akalaza mpini na kisu chini.

"Jana," hatimaye akasema, "nilikwenda Base Camp, kwenye ofisi ya wakimbizi. Nikamwambia yule kijana wa ofisini: binti yangu ni mtu mzima, amechagua, msimburute. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, mimi sijazoea kumpiga anayekataa kuvuka." Akakung'uta vumbi la mti mapajani. "Akalitoa jina lako."

"Tutarudi. Jumatatu, kabla ya mahojiano, tutamwambia..."

"Nilimuuliza kama mlango huo hurudi nyuma. Kasema aliyetoka katika faili la baba yake huanza foleni yake peke yake, kutoka mwanzo. Nikaweka kidole." Sasa alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nilidhani nakuheshimu, mwanangu. Njia nzima nilijiambia, mfanyie kama ulivyomfanyia Mutako. Ila jambo moja lilinikaa kooni, nalo halijashuka hata sasa. Yule Sidonie, mtoto wa jirani zetu, tuliyempa watoto wetu wawe amana. Alikunywa maziwa yangu lini, hata akapewa neno langu kabla yangu?"

Uwera alikuwa anampenda Sidonie. Na chuki, ikija baada ya mapenzi, haina pa kushika.

Jumatatu walikwenda Base Camp pamoja. Kijana wa ofisini aliwasikiliza kwa upole, akasikitika kwa upole, akarudia maneno yale yale aliyomwambia Gasore. Kisha akaita familia ya watu watatu. Uwera alibaki kwenye benchi akamwona Shimwa, ambaye jana tu alikuwa akigombea mpira na wenzake, akimshika mama yao mkono na kumwongoza mlangoni, polepole, akimwonya juu ya kizingiti.

Mama hakuita jina la bintiye. Gasore alivuka kizingiti wa mwisho, na hakugeuka nyuma.

Wiki iliyofuata Sidonie alimwita. Alikuwa amelia, ilionekana. Mlango ulipofungwa alisimama na kumwomba radhi, naye aliomba kweli, bila kujitetea. Lau angeishia hapo, pengine mengine yangewezekana. Lakini macho yake yalipanda ukutani yenyewe, kwa mazoea, na maneno yakafuata macho.

"Najua sasa huwezi kuona hivyo. Lakini maumivu nayo ni sehemu ya kukua, mdogo wangu. Umebaki peke yako, na bado umesimama. Kaa, tuongee. Tuone hili limekufikisha wapi."

Uwera hakukaa. Alikuwa anaitazama ile ngazi, iliyochorwa vizuri, kwa mkono wa mtu anayependa kazi yake.

"Muulize Liliane," akasema. "Liliane ndiye aliyeamua kubaki, na amebaki, kama ulivyowaambia watu. Mimi nilikuwa navuka."

Akafungua mlango, akatoka, akauacha wazi. Wanafunzi waliokuwa wamekaa ukumbini wakingojea zamu zao wakainua nyuso, wakaona ndani: meza, kiti kitupu, ngazi ukutani, na Sidonie amesimama chini yake. Yule aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alinyanyuka nusu, akamtazama Uwera anavyokwenda, kisha akaketi tena.